Banda la chuma, ghorofa la zege au nguzo za zege na kenchi: kuchagua jengo la kiwanda cha kwanza

Anayejenga kiwanda chake cha kwanza, awe Kibaha, Morogoro au Athi River, kwa kawaida huenda kwa mhandisi na swali moja: chuma au zege, ipi nafuu? Swali hilo halina jibu mpaka majibu ya maswali mengine matatu yapatikane. Kitu kizito kuliko vyote kitakaa wapi sakafuni? Mashine au mstari wa kazi mrefu kuliko yote unahitaji mita ngapi bila nguzo katikati? Na ni watu wangapi watakuwa ndani saa nane mchana, jua likiwa kali? Sakafu, upana na joto ndivyo vinavyochagua fremu. Ukianza na fremu, utatumia miaka yote ya kiwanda kurekebisha hivyo vingine vitatu.

Tuchukue mfano mmoja na kuubeba hadi mwisho: karakana ya kushona nguo au kuunganisha vifaa vidogo, m² 1,800 za kazi, mashine nyepesi, stoo ya malighafi, wafanyakazi 250 hivi. Washindani ni watatu. Wa kwanza ni banda la fremu za chuma, upana mita 30 bila nguzo kati, urefu mita 60, fremu kila mita 6. Wa pili ni jengo la zege la sakafu tatu, kila sakafu mita 20 kwa 30, nguzo kila mita 5 kwa 6, paa la bati. Wa tatu ni mchanganyiko ambao mafundi wetu wameuzoea kuliko yote: nguzo za zege kila mita 5, kuta za tofali, na juu kenchi za chuma za mita 15, safu mbili zikikutana kwenye mstari mmoja wa nguzo za kati.

Tunalinganisha kwa tani, mifuko na miezi, kwa sababu bei ya shilingi ikiandikwa leo, baada ya miezi sita haina maana. Chukua idadi hizi, zidisha kwa bei za mjini kwako. Ni makadirio ya kuanzia. Mhandisi wako atayasahihisha akishapima udongo na upepo wa mahali.

| | Banda la chuma | Ghorofa la zege | Nguzo za zege na kenchi |
|---|---|---|---|
| Ardhi chini ya jengo | m² 1,800 | m² 600 | m² 1,800 |
| Chuma cha fremu, kenchi na papi (vyuma vya kushikia bati) | tani 50 | cha paa tu | tani 36 |
| Nondo na BRC (wavu wa chuma wa zege) | tani 8 | tani 60 | tani 15 |
| Zege pamoja na sakafu | m³ 320 | m³ 600 | m³ 355 |
| Saruji, mifuko ya kilo 50 | 2,250 | 4,200 | 2,500 |
| Upana bila nguzo | m 30 | m 5 hadi 6 | m 15 |
| Muda wa kujenga, vifaa vikiwepo | miezi 3 hadi 4 | miezi 8 hadi 12 | miezi 5 hadi 6 |

Tazama mstari wa nondo. Jengo linaloitwa "la zege" linameza chuma kingi kuliko banda linaloitwa "la chuma". Wengi huchagua zege wakiamini wanakwepa chuma cha kuagiza. Wanachobadilisha hasa ni aina ya chuma: nondo hutengenezwa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala, na unaweza kuinunua kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Bamba nene na boriti za umbo la I huja kwa meli, na hulipiwa kwa mkupuo na kwa dola. Kwa mwekezaji mwenye mkopo wa benki wenye riba inayoendelea kuhesabiwa, miezi minne dhidi ya miezi kumi ni fedha nyingi. Kwa anayejenga kwa faida ya duka lake, uwezo wa kusimama miezi miwili bila kuharibu kitu ni muhimu zaidi, na hapo zege na kenchi zinashinda.

Suala hili la chuma kutoka nje ni la zamani. Mwaka 1929 Umoja wa Kisovyeti ulimpa kazi msanifu Albert Kahn wa Detroit, aliyekuwa amesanifu viwanda vya Ford, achore kiwanda cha matrekta cha Stalingrad. Chuma cha fremu kilitengenezwa Marekani, kikasafirishwa, kikaunganishwa na kiwanda kikafunguliwa 1930. Kasi hiyo ilitokana na kuchora vipande vichache vinavyojirudia: nafasi ile ile ya nguzo, fremu ile ile, dirisha lile lile. Ofisi yake ya Moscow iliendelea kwa mtindo huo hadi 1932, ikachora viwanda zaidi ya 500 na kufundisha maelfu ya wahandisi wa Kisovyeti. Huko nako chuma kilikuwa adimu, na michoro mingi ilibidi igeuzwe iwe ya zege. Ethiopia ilirudia njia ya vipande vinavyojirudia kwenye eneo la viwanda la Hawassa lililofunguliwa 2016, kwa mabanda ya chuma ya vipimo vichache vya kawaida, yakiwemo ya m² 5,500 na m² 11,000. Chochote utakachochagua kati ya vitatu vyetu, ichukue kanuni hiyo: fremu moja irudiwe mara kumi na moja ni nafuu kuliko fremu kumi na moja tofauti, na fundi akikosea kwenye ya kwanza, kosa halirudi kwenye ya pili.

Banda la chuma

Faida yake kuu ni sakafu tupu. Mita 30 bila nguzo maana yake unaweza kupanga mistari ya cherehani leo, mwakani ukaigeuza, mwaka wa tatu ukaleta mashine ya kufuma, na jengo halina neno. Fremu za aina hii zinafanya kazi vizuri kati ya mita 15 na 40. Ukipita hapo uzito wa chuma kwa kila mita ya mraba unapanda haraka, na ni afadhali kuweka mstari mmoja wa nguzo za kati.

Kwa banda letu, kilo 28 za chuma kwa m² ni kadirio la kawaida, likijumuisha papi za umbo la Z, bila kreni ya juu. Ukitaka kreni ya tani 5 inayotembea juu ya reli, sema kabla ya kuchora. Kuiongeza baadaye ni kubadilisha nguzo na misingi, kwa hiyo watu huishia kujenga fremu nyingine ndani ya jengo.

Fremu zikiagizwa nje, vipimo vya kontena ndivyo vinavyotawala. Kontena la futi 40 lina urefu wa ndani wa takriban mita 12, hivyo kipande kirefu kuliko mita 11.8 lazima kikatwe na kuungwa kwa bolti. Kwa fremu ya mita 30 utakuwa na viungo viwili kwenye pembe, kimoja kileleni, na mara nyingi viwili vya ziada katikati ya boriti. Kila kiungo ni bolti ambazo mtu lazima azikaze kwa spana ya kipimo, kisha mwingine azikague na kuzitia alama ya rangi. Kazi hiyo ikiachwa kwa fundi mmoja jioni ya Jumamosi, haifanyiki.

Kosa linaloongoza ni la bolti za msingi. Mwenye zege anamwaga wiki sita kabla chuma hakijafika, bolti zinasukumwa na vaibreta, na nguzo ikiletwa matundu hayakutani. Sentimita mbili tu zinatosha kusimamisha kazi. Hapo fundi hutaka kupanua tundu kwa moto wa gesi au kukunja bolti kwa nyundo, na vyote viwili huua nguvu ya mahali ambapo upepo wote wa jengo unashikwa. Kinga yake ni rahisi: kiolezo cha bamba la milimita 6 chenye matundu yale yale ya kitako cha nguzo, kikishika bolti zote nne juu, na kingine chini ndani ya zege. Pima diagonali (kona hadi kona ya mkabala) za jengo zima kabla ya kumwaga, zitofautiane kwa milimita chache tu. Kisha acha nafasi ya milimita 25 hadi 50 kati ya zege na kitako, ujaze kwa mota isiyosinyaa baada ya kunyoosha nguzo. Nafasi hiyo isipojazwa, nguzo inasimama juu ya nati nne.

Jambo la pili ni upepo. Banda zima, bati na papi na fremu, lina uzito wa kilo 35 hadi 40 kwa m² ya paa. Upepo wa mita 40 kwa sekunde una mgandamizo wa karibu kilo 100 kwa m², na juu ya paa bapa sehemu kubwa yake huvuta kwenda juu, hasa pembeni na milango mikubwa ikiwa wazi. Paa linataka kuruka. Kinacholizuia ni uzito wa msingi, kwa hiyo msingi wa banda la chuma hauwi mdogo kwa sababu jengo ni jepesi. Unakuwa mkubwa kwa sababu hiyo hiyo. Vyuma vya msalaba vya fremu mbili za mwanzo vifungwe siku ile ile fremu zinaposimama. Mabanda huanguka yakiwa yanajengwa, fremu tano zimesimama kwa kamba na msalaba bado uko chini.

Moto ni udhaifu wake mkubwa. Chuma kisichokingwa hupoteza karibu nusu ya nguvu kikifika nyuzi 550 hadi 600, na moto mkali wa vitambaa au plastiki huweza kukifikisha hapo ndani ya dakika 15 hadi 20. Kinachookoa watu kwenye banda ni kwamba wote wako chini na milango iko pande zote. Weka mlango wa kutokea unaofunguka kwa nje, bila kufuli, ili mtu yeyote asitembee zaidi ya mita 45 kuufikia, na usikubali marobota yapangwe mbele yake hata siku moja.

Pwani kuna chumvi. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Mombasa nzima, chuma kilichopakwa rangi ya kawaida tu huanza kutoa kutu kwenye viungo na kwenye kingo za papi ndani ya miaka michache. Dai papi zilizopakwa zinki kiwandani, fremu iliyopigwa mchanga na kupakwa praima yenye zinki, na mahali palipochomelewa au kukatwa pakapakwa upya kabla bati halijapanda.

Jengo la ghorofa

Sababu halali ya kupanda juu ni moja: ardhi. Karibu na wafanyakazi, karibu na barabara ya daladala au matatu, kiwanja cha m² 1,000 kinaweza kupatikana na cha m² 3,500 kisipatikane kabisa. Mfanyakazi anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi anaacha sehemu kubwa ya mshahara barabarani, na kiwanda kinampoteza. Hapo ghorofa linastahili gharama yake. Zege pia linavumilia moto: nguzo ya milimita 300 yenye kava (zege linalofunika nondo) ya milimita 35 hustahimili takriban saa mbili.

Bei ya kupanda juu iko kwenye uzito. Sakafu ya ofisi hukadiriwa kubeba kilo 250 kwa m². Sakafu ya kiwanda, kilo 500. Stoo ni kilo 240 kwa kila mita ya kimo cha mzigo, yaani marobota yaliyopangwa mita 3 yanahitaji sakafu ya kilo 720. Jengo lililochorwa kama ofisi au maduka na kisha likapangishwa kwa kiwanda linabebeshwa mara mbili au tatu ya ilivyokusudiwa, na slabu haitoi taarifa ya mapema kila mara.

Ndilo lililotokea Savar, Bangladesh, kwenye jengo la Rana Plaza. Lilikuwa limejengwa kwa ajili ya biashara na ofisi, likaongezewa sakafu juu bila kibali, likapangishwa kwa viwanda vya nguo na kuwekewa jenereta kubwa sakafu za juu. Nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Kesho yake wafanyakazi waliamriwa kuingia, umeme ukakatika, jenereta zikawashwa, jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134. Miezi mitano kabla, Novemba 2012, moto wa kiwanda cha Tazreen karibu na hapo uliua zaidi ya 110: vitambaa na nyuzi vilikuwa vimehifadhiwa sakafu ya chini, na ngazi zote zilishuka kwenye sakafu hiyo hiyo iliyokuwa ikiungua.

Kutokana na hayo mawili, kiwanda cha ghorofa kina masharti yasiyopunguzwa. Ngazi mbili au zaidi, zikiwa mbali na nyingine, kila moja ndani ya kuta za zege au tofali zenye milango inayozuia moto, na kila moja ikitoka moja kwa moja nje bila kupitia stoo. Jenereta, kompresa na boila vikae chini, kwenye msingi wake uliotengwa na jengo. Stoo ya malighafi iwe sakafu ya chini lakini nyuma ya ukuta kamili usio na uwazi kuelekea ngazi. Bandika kibao kwenye kila sakafu kikisema uzito unaoruhusiwa kwa m², kwa herufi ambazo mbeba mzigo anaweza kuzisoma. Na kama michoro ya misingi haikuandikwa tangu mwanzo kwamba itabeba sakafu nne, ya nne isijengwe.

Sasa hesabu ya nafasi. Ngazi, lifti ya mizigo, vyoo na nguzo hula asilimia 10 hadi 15 ya kila sakafu, kwa hiyo m² 1,800 za ghorofa si sawa na m² 1,800 za banda. Ili upate kazi ile ile jenga karibu m² 2,050. Lifti ya mizigo ikiharibika, sakafu mbili kati ya tatu zimesimama, hivyo ama uwe na mbili ama uwe na winchi ya akiba. Mashine zenye mtikisiko, kama za kukata kwa kugonga, zishuke chini. Mamia ya cherehani juu hayana shida kwenye slabu iliyochorwa kwa kilo 500.

Wakati wa kujenga, kosa ni haraka ya kuondoa mirunda. Slabu ya juu inamwagwa huku ya chini ina siku saba, mirunda ya chini imeshahamishwa, na uzito wa zege bichi, kilo 500 kwa m² kwa slabu ya sentimita 20, unakalia zege changa. Acha mirunda siku 14 bila mjadala na sakafu mbili zibaki na mirunda kwa pamoja. Vunja vipande vya majaribio vya siku 7 na 28 kwenye maabara, na matokeo yasomwe na mhandisi kabla ya kumwaga sakafu inayofuata. Maji ya kuongeza ili zege "liteleze" ndiyo wizi mkubwa wa nguvu kwenye saiti zetu, na saruji nzuri haiwezi kuurudisha.

Nguzo za zege na kenchi

Hili ndilo chaguo ambalo mji wa wilaya unaweza kulijenga lenyewe. Kenchi zinachomelewa chini kwenye benchi moja, kwa angle au mabomba ya mraba yanayopatikana madukani, kisha zinapandishwa kwa winchi au kreni ndogo. Ikipigwa na lori, nguzo inatengenezwa na fundi wa mtaa. Upana wa mita 12 hadi 18 ndio wake. Kenchi ya mita 24 inawezekana, lakini kina chake, uchomeleaji na upandishaji vinakula nafuu yote.

Angalia mambo mawili. Nguzo ya zege iliyosimama peke yake mita 6 ndiyo inayozuia upepo wote, kwa hiyo kitako chake lazima kiwe kipana na nondo za chini ziwe nyingi; bimu ya kuzunguka juu ya kuta isiachwe. Na bamba la kukalia kenchi lishikwe na bolti zilizozamishwa ndani ya nguzo angalau sentimita 30, siyo nondo mbili zilizokunjwa na kuchomelewa. Kwenye viwanda vya chakula au pamba kenchi za angle hukusanya vumbi kwenye kila ukingo. Huko tumia mabomba yaliyozibwa ncha.

Paa, ambako fedha nyingi hupotea baadaye

Bati jembamba lisilo na kitu chini yake hufika nyuzi 60 na zaidi mchana wa Januari Dar es Salaam, na linawaka kichwani mwa mshonaji kama jiko. Banda la chuma na la kenchi yote mawili yana paa juu ya kila mfanyakazi. Ghorofa lina paa juu ya theluthi moja tu, na hilo ni jambo kubwa upande wake ambalo watu husahau kulihesabu.

Kwa mabanda, mambo manne yanafanya kazi pamoja: kuta za kimo cha mita 6 au zaidi hadi ukingoni, bati jeupe au lenye rangi hafifu, pamba ya kioo ya milimita 50 chini ya bati, na mwanya wa hewa kwenye mgongo wa paa wenye kofia na wavu wa ndege. Hewa ya moto haitoki juu kama hakuna ya kuingia chini, kwa hiyo kuta ndefu ziwe na madirisha ya chini yenye eneo lisilopungua la mwanya wa juu. Geuza urefu wa jengo uelekee mashariki–magharibi: jua la asubuhi na jioni lipige kuta fupi, na kusi na kaskazi ziingie kupitia kuta ndefu.

Wapo wanaopendekeza paa la meno ya msumeno, yaani safu za paa fupi zenye kioo upande mmoja uliosimama, kwa ajili ya mwanga, wakinakili michoro ya Ulaya yenye vioo vinavyotazama kaskazini. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini tangu mwanzo wa Machi hadi Oktoba, miezi saba. Vioo vya kaskazini hapa vinaleta jua lenyewe juu ya meza. Ukigeuza meno yatazame kusini, jua la Desemba linaegemea nyuzi 16.6 tu kutoka utosini, na ukingo unaotokeza sentimita 45 juu ya kioo cha mita 1.5 unalizuia wakati wa adhuhuri. Asubuhi na jioni bado litapenya. Nairobi, nyuzi 1.3 kusini, hakuna upande ulio salama: jua linagawana mwaka karibu nusu kwa nusu. Na kila jino lina gata lake juu ya mashine. Banda la mita 60 lenye meno ya mita 6 lina gata kumi, na kila moja ni mahali pa kuvuja masika. Meno yanafaa penye kazi ya kulinganisha rangi za vitambaa kwa mwanga wa mbingu. Kwingine, paa la pande mbili lenye bati angavu (linalopitisha mwanga) asilimia 5 hadi 8 ya eneo, yaani m² 90 hadi 144 kwa mfano wetu, linatosha pamoja na taa za LED. Tandaza wavu wa chuma chini ya kila bati angavu, kwa sababu wapanda paa hulikanyaga na kudondoka.

Mfano wa tatu una gata moja la kati pale safu mbili zinapokutana. Lihesabu vizuri. Nusu paa mbili zinazomwaga humo ni mita 15 kwa 60, m² 900. Mvua ya milimita 150 kwa saa inaleta lita 37 na nusu kila sekunde. Gawa kwa mabomba sita ya milimita 150, kisha weka matundu ya kufurika kwenye ncha ili bomba likiziba kwa majani maji yatokee nje yaonekane, yasirudi ndani. Gata lenyewe liwe pana kiasi cha mtu kutembea ndani akilisafisha.

Sakafu

Hapa mabanda yote mawili yanafanana, na hapa ndipo mwenye kiwanda hupunguza gharama na kujuta. Forklifti ya kubeba tani 2 ina uzito wake wa tani 3.5 hivi. Ikibeba mzigo, karibu tani 4.8 zinakaa kwenye magurudumu mawili ya mbele, tani 2.4 kila moja, kwenye eneo dogo kuliko ukurasa wa daftari. Jamvi la sentimita 10 la nyumba ya kuishi linapasuka mwaka wa kwanza.

Ondoa udongo wa juu, shindilia kwa tabaka za sentimita 15, weka moramu au kokoto sentimita 15 hadi 20, nailoni nene, BRC karibu na juu ya zege (ikilala chini kabisa haizuii nyufa za juu), kisha zege la daraja la nguvu C25 la sentimita 15, au 18 hadi 20 penye forklifti na rafu ndefu. Mikato ya kila mita 4.5 hadi 6 ikatwe ndani ya saa 24, kina chake robo ya unene. Loweka siku saba. Athi River, Mlolongo na sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Nairobi kuna udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka: uondoe wote, mara nyingi mita 1 hadi 1.5, ujaze moramu. Kwa m² 1,800 hiyo ni zaidi ya m³ 1,800 za kubeba na kurudisha, gharama ambayo inaweza kulifanya ghorofa la m² 600 liwe nafuu ghafla. Chimba mashimo ya majaribio kabla ya kununua kiwanja.

Nani achague nini

Mwenye ardhi ya kutosha, mashine nzito au ndefu, na fedha zilizokamilika: banda la chuma. Mwenye kiwanja kidogo mjini na kazi nyepesi ya mikono mingi: ghorofa, akitimiza masharti yote ya ngazi na uzito, au asijenge. Anayejenga kwa awamu, mbali na bandari, bila haja ya upana unaozidi mita 18: nguzo na kenchi. Mwenye kusokota pamba ajue kwamba chumba cha nyuzi kinataka unyevu wa karibu asilimia 55 hadi 65, hivyo mianya ya paa iliyosifiwa hapo juu haimfai. Atahitaji dari iliyofungwa na hewa ya mashine, na banda lenye paneli za povu ndilo litakalomfaa.

Tanzania, michoro ipite kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC) kwa cheti cha mazingira, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kabla ya kusajili mahali pa kazi. Mkandarasi awe amesajiliwa na bodi ya makandarasi, CRB. Kenya ni NEMA (mazingira), kaunti, DOSHS (usalama na afya kazini) na NCA (ujenzi na makandarasi). Peleka michoro mapema, kwa sababu mlango wa dharura ukiongezwa kwenye karatasi ni mstari wa penseli, na ukiongezwa kwenye ukuta uliokwisha kujengwa ni linta mpya.

Kwa mabanda yote mawili, agiza fremu ya mwisho upande utakaopanuka iwe fremu kamili yenye nguvu ya zile za kati, siyo nguzo nyembamba za kushikia bati, na acha mita 30 za kiwanja wazi upande huo. Tani 2 za ziada leo zitakuruhusu kuvua bati la ukuta huo na kuendelea na jengo huku mashine zinafanya kazi.